MREJESHO: Milford Sound kwa gari la kulala

Wakuu, niliuliza kama inafaa kutoka Queenstown, Nyuzilandi, hadi Milford Sound (fiodi, yaani mkono mwembamba wa bahari kati ya milima mirefu) na kurudi siku hiyohiyo kwa gari lenye kitanda na jiko. Mlionishauri nilale njiani, asanteni sana. Kutoka Te Anau, mji ulio njiani, ni kilomita 120 hivi, ila kila kona unataka kusimama. Jazeni mafuta hapo hapo Te Anau. Handaki la Homer, kama mita 1,200, lina giza na linateremka kuelekea baharini. Nje yake kasuku waitwao kea wanatafuna mipira ya magari, na wala hawaogopi mtu! Mvua msiikimbie: huko hunyesha karibu mita 7 kwa mwaka, na ndiyo iliyotushushia maporomoko ya maji kila upande wa fiodi. Tulilala kwenye kambi ya Cascade Creek. Kero ni visubi tu, wanauma hao!