Hivi yule bwana wa maiki ananitafuta nini? Kaniita NABALI mbele ya mke wangu!

Bati la Mchana (mleta uzi):

Wakuu, leo sina salamu. Naandika mikono inatetemeka, nikikosea herufi mtajaza wenyewe. Na modereta asiuunganishe huu uzi na ule wa sadaka. Huu ni wa heshima ya mtu mzima.

Jina simtaji, mnamjua. Yule yule mhubiri. Suti nyeupe, viatu vyenye ncha ya kutobolea matairi, akishika maiki hata umeme ukatike yeye anaendelea.

Leo ilikuwa harambee ya bati. Nimeahidi nilichonacho. Kisha nikauliza, nimesimama, mikono nyuma, sauti ya mtu aliyelelewa: zile za bati za mwaka jana zimefikia wapi? Swali tu. Bwana yule akacheka ndani ya maiki, akafungua Samweli wa Kwanza sura ya 25, akaisoma kama anatangaza mpira, akafika pale Nabali anapowanyima vijana kumi wa Daudi mkate na nyama. Kidole kikaja kwangu. "Kina Nabali bado tunao humu ndani." Watu wakacheka. Sawa. Hilo ningelimeza na maji.

Kisha akageuka. Akamtazama mke wangu. Akasema, "Abigaili, mama, pole sana." Abigaili, yaani mke wa Nabali.

POLE SANA! Kwa maiki! Zile spika zinasikika mpaka kwa wauza mitumba ng'ambo ya barabara. Kuna mtu alikuwa anapatana bei ya suruali huko, naye sasa anajua kwamba mke wangu ni wa kupewa pole.

Tuelewane. Nabali wa mji wa Maoni alikuwa na kondoo 3000 na mbuzi 1000. Siku ile anakata manyoya huko Karmeli, nyumbani karamu kama ya mfalme, mwenyewe kalewa chakari. Mimi nina kuku watatu, mmoja wa ubia na jirani, na leo nimekunywa chai ya rangi. Nabali hakuuliza hesabu, alitukana: Daudi ni nani, mwana wa Yese ni nani. Mimi nimeuliza bati! Mfalme Yoashi alipoona mwaka wa 23 wa enzi yake umefika, makuhani wanapokea fedha na nyufa za hekalu ziko palepale, aliwaita akawauliza. Kuhani Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu, fedha zikahesabiwa na mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu. Mwisho wa habari. Yoashi hakuitwa Nabali. Na Yehoyada hakumgeukia mke wa mtu kumpa pole.

"Abigaili, mama, pole sana." Na mke wangu, mama wa watoto wangu, akajibu ASANTE.

Mama mkwe alicheka mpaka kilemba kikaanguka. Kikaokotwa, akavikwa, akaanza upya.

Na sura ile mnajua inavyokwenda. Siku kama kumi, Nabali kafa, Daudi anatuma watu kumposa mjane. Sasa nauliza: kama mimi ni Nabali na mke wangu ni Abigaili, mle ndani Daudi ni nani? NANI?

Nimepita Tu:

Nimeshavuta kiti. Ngoja waje.

Kigogo cha Mkaa:

Mkuu, uliahidi shilingi ngapi? Hapo umeparuka haraka sana.

Bati la Mchana:

Kiasi hakihusiani na mada.

Kigogo cha Mkaa:

Basi ni Nabali. Uzi ufungwe.

Mwanakwaya Mstaafu:

Huyo bwana namjua, na viatu navijua. Alishamwita mwenyekiti wetu wa kamati Sauli, kwa kuwa ni mrefu, anawazidi watu wote kuanzia mabegani. Mwenyekiti akatembea kifua mbele wiki nzima mpaka mwanawe wa shule ya Jumapili alipomsomea yaliyompata Sauli mlimani Gilboa. Mpaka leo hawasalimiani.

Mzee wa Mikuyu:

Kijana, pole (usijibu asante). Nathani alipotaka kumkemea Daudi juu ya Bathsheba na damu ya Uria Mhiti, alikwenda kwa mfalme mwenyewe, ikulu, akamsimulia tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja. Daudi alipowaka hasira ndipo akaambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Nabii anapambana na mwenye kiti cha enzi. Huyu wenu anapambana na mwenye kuku watatu.

Kigogo cha Mkaa:

Wawili na nusu, mzee. Mmoja ni wa ubia.

Mkaguzi wa Mistari:

Mleta uzi, umesoma habari za Yoashi ukaishia unapopapenda. Shuka kidogo, 2 Wafalme 12:15. Waliokabidhiwa fedha za mafundi hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walikuwa waaminifu.

Bati la Mchana:

Waaminifu! Umelisoma hilo neno la mwisho?

Wakili wa Maoni:

Mimi namtetea Nabali halisi. Daudi wakati ule ni mkimbizi nyikani, anamkwepa Sauli, ana watu kama 600 wanaohitaji kula. Wanalinda mifugo ya mtu bila kuombwa, halafu siku ya sikukuu wanakuja mlangoni kudai chochote. Huku kwetu sungusungu walianza hivyohivyo. Akinyimwa anawafunga panga watu 400 na kuapa kwamba hadi alfajiri hatabaki mwanaume nyumba ile. Kwa sahani ya nyama! Na huyo ndiye tunayemwimbia.

Mzee wa Mikuyu:

Wakili, kijana wa Nabali mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa Abigaili kushuhudia: watu wa Daudi walikuwa ukuta kwetu usiku na mchana. Shahidi wa mshitakiwa kamgeuka. Kesi huna.

Bati la Mchana:

Jamani turudi kwenye mada. ALISEMA POLE. Mnaelewa? Ameacha watu wote mle ndani, waliovunjika miguu wapo, waliofiwa wapo, pole yake ikaenda kwa mtu ambaye tatizo lake ni mimi! Nimemuuliza mke wangu sasa hivi kwa nini alijibu asante. Anasema, "Nilikuwa naonesha adabu." Adabu gani hiyo?

Kigogo cha Mkaa:

Mkuu, Abigaili alipakia mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kutengenezwa, bisi, vishada 100 vya zabibu kavu na mikate 200 ya tini, akatwika punda, akaondoka, na mumewe hakuambiwa kitu. Nenda kahesabu kuku.

Bati la Mchana:

Kuku wapo.

Bati la Mchana:

Wapo wawili.

Nimepita Tu:

Uzi umeanza kunoga sasa.

Dada Wanja:

Nyie wanaume mnalia kuitwa Nabali. Mimi bwana huyohuyo aliniita Yezebeli kwa ajili ya wanja! Sasa tusome. Yezebeli alipaka wanja siku Yehu anaingia Yezreeli. Alijua kifo kimefika, akajipamba, akachungulia dirishani na kumtupia Yehu kijembe. Hapo kosa liko wapi? Kosa lake liko nyuma, kwenye shamba la mizabibu la Nabothi: aliandika barua kwa jina la Ahabu, akazipiga muhuri wa Ahabu, wakapangwa mashahidi wawili wa uongo, mwenye shamba akapigwa mawe na shamba likachukuliwa. Wanaoghushi mihuri na kula viwanja vya watu wapo viti vya mbele kila Jumapili, hata mafuta usoni hawajapaka. Hao hawaitwi Yezebeli. Wanaitwa wageni waalikwa.

Mwanakwaya Mstaafu:

Dada, makofi.

Rasta Mpole:

Mimi ni Absalomu, kwa sababu ya nywele. Yule wa nywele za shekeli 200 kila akinyoa, aliyemfukuza baba yake Yerusalemu, akanasa kichwa kwenye mwaloni nyumbu wake akamwacha ananing'inia. Nikamuuliza, mtumishi, mbona si Samsoni? Naye wembe haukumpita kichwani. Akaniangalia juu mpaka chini akasema, "Samsoni alikuwa na mwili."

Kigogo cha Mkaa:

Hapo kasema kweli, kaka.

Mwanakwaya Mstaafu:

Nyie afadhali. Kwangu duka liliungua, wakaja watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari wa mtaani kwetu. Wale wa Ayubu waliketi naye chini siku saba, usiku na mchana, hakuna aliyefungua mdomo, na mimi naona hapo ndipo walipofanya la maana katika kitabu kizima. Wangu hata soda hawajamaliza: "Ndugu, umemkosea nani?"

Bati la Mchana:

Poleni wote, lakini nyie hakuna mkeo aliyejibu ASANTE. Naomba tuheshimiane kwenye ukubwa wa matatizo.

Rasta Mpole:

Bwana mwenyewe anajifanya Daudi. Daudi alimwua Goliathi. Yeye kaua nini zaidi ya spika?

Mkaguzi wa Mistari:

Samahani, Goliathi aliuawa na nani? Kuna 1 Samweli 17, sawa. Ila Samweli wa Pili 21:19 kwa Kiebrania panasema Elhanani Mbethlehemi ndiye aliyemwua Goliathi Mgiti, ambaye mti wa mkuki wake ulikuwa kama mti wa mfumaji.

Mzee wa Mikuyu:

Na 1 Nyakati 20:5 panasema Elhanani alimwua Lahmi, nduguye Goliathi.

Mkaguzi wa Mistari:

Mzee, Nyakati ni ya baadaye. Mwandishi kaona mkunjo, kapiga pasi. Ndiyo maana hata habari ya Bathsheba humo haimo.

Mzee wa Mikuyu:

Chunga mdomo, kijana.

Dada Wanja:

Goliathi mwenyewe alikuwa na urefu gani?

Mkaguzi wa Mistari:

Biblia yako ina mikono sita na shubiri moja, karibu mita tatu. Lakini gombo la kale la Samweli lililotoka pango la nne la Kumrani, kando ya Bahari ya Chumvi, lina mikono minne na shubiri, na Septuaginta, ile tafsiri ya kale ya Kigiriki, nayo inasema minne. Mita mbili na kidogo.

Rasta Mpole:

Mita mbili? Huyo si mlinzi wa baa tu! Miaka yote hii tunatishwa na mlinzi wa baa?

Wakili wa Maoni:

Mlinzi wa baa aliyevaa dirii ya shekeli 5000 za shaba. Wewe ungevaa ungelala humohumo.

Dada Wanja:

Mkono unapimwaje?

Mzee wa Mikuyu:

Kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati.

Kigogo cha Mkaa:

Nimejipima ukutani. Mikono mitatu na nusu. Mke wangu anacheka.

Bati la Mchana:

JAMANI UZI NI WANGU! Na kuku wa ubia bado haonekani!

Mkaguzi wa Mistari:

Mkuu tulia, sogea ukutani. Wewe una mikono mingapi?

Nimepita Tu:

Wa Goliathi umeshafunguliwa uzi wake jukwaa la michezo, wanabishana kama angecheza beki au kipa. Twendeni kule.