Naomba ushauri: shinikizo la damu, kisukari na magoti baada ya kustaafu jeshi

Ndugu wanachama, habari zenu. Nimestaafu utumishi wa jeshi nikiwa na shinikizo la juu la damu na kisukari cha aina ya 2, na juu ya hayo magoti yamechoka kwa miaka mingi ya kutembea na mzigo mgongoni. Kambini mlo, mazoezi na vipimo vilikuwa na ratiba, na asiyetokea alitafutwa. Sasa hakuna wa kunitafuta, na dawa ya jioni huikumbuka nikiwa tayari kitandani.

Kinachonitatiza zaidi ni kwamba dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo, ambazo kisukari nacho huzishambulia, ilhali bila kutuliza magoti siwezi kutembea, na kutembea ndiko kunakosaidia kushusha sukari. Wenzangu mliopitia haya, mnafanya mazoezi gani yasiyoumiza magoti? Na faili la matibabu la jeshini mliwezaje kulifikisha kwa daktari wa kiraia, ambaye mara nyingi (wala simlaumu) ana dakika chache tu za kukusikiliza?