Wabebaji kinuni wanaumia viuno: mkanda wa mgongo unasaidia?

Msimamizi wa kinu:
Wakuu, habari za kazi. Nasimamia kinu cha mahindi. Vijana wanatoa magunia ya kilo 90 stoo, wanayapandisha begani, kisha wanayamimina kwenye hopa (mdomo wa mashine wa kumiminia nafaka) iliyo juu ya kifua. Wawili wanalalamikia kiuno, mmoja mkono haupandi. Tajiri anataka awanunulie mikanda ya mgongo mambo yaishe. Inafaa kweli?

Fundi mashine:
Mkuu, mkanda usiutegemee. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ilisema tangu 1994 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa unamkinga mtu mzima wa afya. Tena aliyeuvaa hujiona simba, anaongeza mzigo.

Wanaowaumiza ni gunia na hopa. Kikokotoo cha NIOSH cha uzito wa kunyanyua kinaanzia kilo 23, na hapo mzigo uko karibu na mwili, mikono iko kama sentimita 75 kutoka sakafuni, kiuno hakijapinda. Ukinyoosha mikono au ukigeuka nao, kiwango kinashuka. Hata ILO, Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo namba 128 la 1967, ilitaka mzigo wa mwanamume mzima ushushwe hadi kilo 55. Wewe uko 90!

Dawa yenyewe ni hopa ya chini, usawa wa sakafu, halafu elevata ya vikombe ipandishe nafaka. Gunia linalazwa na kumwagwa, halinyanyuliwi. Juu ya shimo weka wavu wa chuma, mguu usije ukanaswa.

Msimamizi wa kinu:
Elevata tajiri hataki hata kuisikia. Na magunia wateja wanaleta yamejaa tayari.

Fundi mashine:
Basi yashushwe kwa toroli moja kwa moja hadi kwenye meza imara ya usawa wa kiuno, yafunguliwe hapo, wachote kwa ndoo. Ndoo ya lita 20 ya mahindi ni kama kilo 15. Jenga jukwaa la ngazi pana mbele ya hopa ili wamimine chini ya bega. Kasi itapungua, mwambie tajiri mapema. Ziba na mashimo ya sakafu, la sivyo toroli litaachwa kona wiki hiyohiyo.

Muuguzi:
Huyo wa bega apumzishwe kunyanyua juu na apimwe. Wa viuno, wakianza kufa ganzi sehemu za siri au mkojo ukigoma, ni hospitali saa hiyohiyo, si kesho.