Hexakopta (droni ya mota sita) inapinduka mota moja ikizima, na kontrola ni slaidingi modi. Shida ni gani?

mech_fainali
Sasa wadau. Niko mwaka wa mwisho wa uinjinia hapa Nairobi, projekti yangu ni hexakopta ya kunyunyizia dawa mashambani na supavaiza anataka ihimili upepo na pia mota kufa ikiwa hewani. Nimetumia slaidingi modi, ile kontrola inayoswichi amri ya mota haraka haraka kuirudisha droni kwa njia uliyopanga. Kwa simulesheni upepo hauisumbui, hata nikipunguza nguvu ya mota moja kwa asilimia 30 inayumba kidogo inarudi. Lakini nikizima hiyo mota kabisa, chini. Nimepandisha geini (ukali wa kontrola kusahihisha kosa) mpaka mota zote zinatetemeka na bado inapinduka tu. Si slaidingi modi ndiyo wanasema inavumilia kila kitu? Mota zimepangwa kawaida, moja inazunguka kulia inayofuata kushoto, hivyo hivyo mpaka sita.

Kijana_wa_Luthuli
Huo mtetemo ni wa ile swichi ya ghafla, weka supa-twisting, ile slaidingi modi iliyolainishwa, halafu ongeza geini tena. Itashika.

torki_na_chai
Haitashika bana. Supa-twisting itatuliza mtetemo, sawa, lakini shida ya jamaa haiko kwa kontrola, iko kwa fremu. Slaidingi modi inavumilia usumbufu unaoingia mahali ambapo mota bado zina uwezo wa kusukuma. Mota ikipoteza asilimia 30, zingine zinaziba. Ikifa kabisa unakosa upande mzima wa nguvu, na geini haizalishi nguvu ambayo haipo, ni kama kubadilisha dereva kwa matatu iliyong'oka usukani.

Chukua karatasi ufanye hesabu. Kwa mpangilio wako, mota namba 1 ikifa, ukitaka droni ikae sawa bila kujizungusha, hesabu inakulazimisha uzime pia ile inayoitazama, namba 4. Unabaki na nne. Kuelea inaelea, lakini ukirekebisha mwinamo unaigeuza pua pia, na cha kuirudisha pua kingekuwa ile namba 4, ambayo inaweza kusukuma juu tu, chini haiwezi. Upepo ukija na upande mbaya, kwisha.

Una njia tatu. Ya kwanza, achana na uelekeo wa pua, acha droni izunguke kama pia ya kuchezea na udhibiti mwinamo na kimo peke yake. Mueller na D'Andrea wa ETH Zurich walionyesha mwaka 2014 kwamba hata kwadikopta yenye mota nne inaweza kuendelea kuruka hivyo baada ya kupoteza propela moja, kwa hivyo wewe wa sita huna kisingizio 😄. Ya pili, badilisha mpangilio, kulia kulia kushoto kushoto kulia kushoto, hapo baadhi ya mota zikifa bado unadhibiti kila kitu, ila si zote. Ya tatu ni mota nane, na hiyo ni pesa.

mech_fainali
Aisee, na nimekesha na geini wiki mzima. Pesa ya nane sina, naenda na ya kwanza. Sasa itajuaje mota imekufa? Nilikuwa nataka kusoma tu karenti ya ESC (kifaa kinachoendesha mota), ikishuka naitangaza imekufa.

mama_sensa
Usifanye hivyo kijana wangu. Sensa moja isipewe mamlaka ya kuamua peke yake. Ile ndege ya Ethiopian iliyokuwa inakuja hapa kwetu Machi 2019, watu 157, MCAS, ule mfumo wa Boeing 737 MAX wa kushusha pua wenyewe, ilikuwa inasikiliza sensa moja ya pembe ya bawa na hewa, sensa ikadanganya na mfumo ukaendelea kusukuma pua chini. Kwako ni vile vile, waya ya karenti ikilegea utaizima mota nzima na ile inayoitazama, umejiangusha mwenyewe.

Linganisha karenti na mizunguko ya mota, halafu uangalie jairo (sensa ya kuzunguka) kama kweli mwili unageuka tofauti na vile filta ya Kalman, ile hesabu ya kukadiria mwendo, ilitabiri. Viwili vikikubaliana, ndiyo ubadilishe kontrola. Lakini usikae kuhakikisha sana, ukichelewa nusu sekunde inaweza kuwa imeshalala. Na kama una integreta (sehemu ya kontrola inayojumlisha makosa) mahali popote iache kujumlisha mota zikifika mwisho, la sivyo inajaza makosa na baadaye inasukuma vibaya wakati ulidhani umepona.

torki_na_chai
Hapo kwa integreta 💯. Kingine, uzito. Mota nne zikibeba kazi ya sita, kila moja inabeba mara moja na nusu. Ukielea kwa asilimia 60 ya nguvu, ghafla uko 90, upepo unaupiganisha na nini? Na Nairobi tuko juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko Mombasa, kwa hivyo ile namba ya msukumo iliyoandikwa kwa boksi ya mota usiiamini. Pima mwenyewe hapa.

mech_fainali
Na tangi ikijaa niko kama 65 😬

torki_na_chai
Basi punguza tangi ama weka vali ya kumwaga haraka mota ikifa. Majaribio tumia maji tu, si dawa, funga droni na kamba chini, na kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, kiwe mfukoni kabla hujaitoa nje, hao ukikutana nao bila karatasi utajua hujui.

Kijana_wa_Luthuli
Mkimaliza anipe hizo ESC zilizoungua, naokoa mosfeti (transista za ndani).