Naomba ushauri: ibada ya jioni kwa watoto wa umri tofauti

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba ushauri kwa wanaoongoza ibada ya nyumbani yenye mtoto wa miaka 4, wa 9 na kijana wa 14 kwa pamoja.

Tunasoma Injili ya Marko, kwa kuwa ina sura 16 tu na matukio yake yanakwenda haraka. Shida ni urefu: sura ya 1 ina mistari 45, na mdogo huchoka kabla ya nusu. Kuigawa kwa matukio kunasaidia, mfano ubatizo (9–11), kisha wanafunzi wa kwanza (16–20). Ila kijana anaona ni ya kitoto, hasa maswali yakiwa ya ndiyo au hapana. "Kwa nini" humfungua zaidi. Mdogo hutulia akichora kinachosomwa kwa penseli. Rangi za maji hapana, zinavuruga kila kitu.

Je, kijana apewe zamu ya kuongoza, au ni mapema? Na mnakariri nini pamoja? Nafikiria Zaburi 117, ina mistari 2 tu, hata mdogo ataiweza.