Naomba ushauri, video zetu za mechi zinakwama sana kwa simu za watu

Wakuu habari zenu, niko Kisumu, na vijana wenzangu tunarekodi mechi za mashinani tunaziweka online, sasa watazamaji wa Siaya na Bondo wanalalamika ile duara inazunguka tu hadi mtu anaachana nayo. Faili zote ziko kwa seva moja ya kukodi huko Ujerumani, tena kwa 1080p pekee, yaani ile picha safi sana yenye faili nzito. Nimesoma vile Netflix walifanya, walianza kuhamia klaudi ya Amazon (seva za kukodi za Amazon) baada ya databesi yao kuharibika 2008 wakamaliza Januari 2016, lakini video yenyewe haitoki Amazon, inatoka kwa mashine zao za Open Connect zilizo karibu na mtazamaji, zingine ndani kabisa ya kampuni za intaneti, na kila filamu iko kwa saizi kadhaa ndio simu ichague kulingana na netiwaki. Hiyo akili naipenda sana.

Sasa kwa bajeti ndogo nianzie wapi jameni, nikate video vipande vya sekunde sita kwa 240p na 480p (picha za ubora wa chini, faili nyepesi), ama kwanza nilipie CDN, yaani huduma ya seva zinazoweka nakala za video karibu na watazamaji, yenye seva Nairobi? Na nikihamisha faili kwa seva za Amazon zilizo Cape Town itasaidia kweli ama bado ni mbali? Aliyefanya hii kazi aniambie pia bili ilikuja aje, hapo ndio naogopa.