Tupeane uzoefu: mlima wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo ulikufanya nini?

#1 (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za wikiendi. Naandika nikiwa nimelala, mguu wa kulia juu ya mto, ukucha wa kidole gumba umekuwa rangi ya zambarau. Jumamosi tulikuwa Moro.

Tulikuwa watano, wote wa ofisi moja hapa Dar. SGR ya alfajiri, asubuhi ile ile tupo mji kasoro bahari. Mpango ulikuwa kupanda Uluguru hadi Morningside, kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani, tule chapati zetu, turudi na treni ya jioni. Bodaboda alijitolea kutupandisha kipande cha kwanza. Tukamkatalia kwa jeuri, tumekuja kutembea bwana.

Ile barabara ni mawe matupu na inapanda tu. Saa ya kwanza tunapiga selfi. Saa ya pili hakuna anayeongea. Tunapishana na akina mama wa Kiluguru wanashuka sokoni, matenga ya karoti na kabichi kichwani, kandambili miguuni, mmoja ana mtoto mgongoni. "Poleni wanangu," anatuambia yeye! Nikamuuliza, mama, bado mbali? "Hapo juu tu." Wakuu, hapo juu tu ilikuwa saa nzima na ushee.

Kule juu sitasema mengi, mji wote uko chini, mabati yanawaka, kahewa kanapuliza. Kasheshe ni kushuka. Viatu vyangu vizuri tu, ila nilinunua saizi yangu kamili, ile ya kuvalia ofisini. Kila hatua vidole vinagonga ukuta wa mbele. Nikavua nijaribu peku, changarawe zikanirudisha ndani ya viatu bila mjadala. Treni tuliiwahi, lakini kufika Dar nilishuka ngazi za stesheni kinyumenyume, nimeshika bomba, watoto wananicheka.

Sasa sitaki mniambie mlima gani mzuri, picha tunaziona. Nataka kusikia palipokushinda, na safari ya pili ulibadilisha nini.

#2

Pole mkuu. Ukucha utang'oka wenyewe, usiuchokonoe.

Mimi ni wa Moshi, na aibu yangu ilinikutia nyumbani. Shemeji zangu walikuja kutoka Mwanza wakitaka "kuugusa Kilimanjaro" bila kulala mlimani. Hilo linawezekana: unaingia geti la Marangu na mwongozaji wako, unapanda hadi vibanda vya Mandara, mita 2,720, unakula, unashuka. Ukiwa na nguvu unaongeza kreta ya Maundi, iko jirani tu na vibanda. Msituni mbega wanaruka juu yako na mikia yao meupe kama mafagio.

Nilivaa buti la maana, la kazi yangu ya zamani, lilikaa kabatini kama miaka sita. Halina hata mkwaruzo. Tumetembea saa moja na nusu nikasikia "pa, pa, pa" kila nikikanyaga. Kuangalia, soli imefunguka mdomo kama mamba. Gundi ilikuwa imekauka ikawa unga. Dakika kumi baadaye la pili nalo likafuata, kana kwamba walipatana.

Mwongozaji wetu, mzee mmoja mtulivu sana, hakucheka. Akatoa mfukoni kipande cha tyubu ya baiskeli, akakikata mikanda minne kwa kisu, akafunga soli mbele na nyuma kama anafunga mzigo. "Twende, pole pole." Nikafika Mandara na nikarudi getini na ile mikanda. Shemeji wakapata picha ya kunitania mpaka leo.

Tangu siku hiyo kiatu cha mlima nakivaa wiki nzima kabla, sokoni, kanisani, popote. Na kile kipande cha tyubu natembea nacho. Hakina uzito wowote.

#3

Mkuu #2 umenichekesha, "kana kwamba walipatana" 😂 Mimi palinishinda getini. Nilisahau kitambulisho, nikatakiwa kulipa kama mgeni kutoka nje. Nikarudi kunywa mbege. Uzoefu wangu umeishia hapo.

#4

Salamu kutoka Kenya. Yangu ni Longonot.

Ukisimama chini unaona kamlima kadogo, unajiambia saa mbili nimemaliza. Kutoka geti hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita 3, na hizo ukweli si mbaya, ingawa mwisho mwisho kumesimama. Shida inaanza pale ukingoni, kwa sababu unaona duara lote, unaona watu wadogo kama siafu upande wa pili, na unajiambia "si niko hapa tayari?" Kuzunguka ni kilomita 7.2, na si tambarare. Ni panda shuka mpaka kilele, mita 2,776, halafu panda shuka tena.

Nilibeba lita moja. Moja tu. Kule hakuna kivuli cha maana, hakuna maji, na njia ni vumbi la volkano laini kama unga wa ngano. Linaingia kwa soksi, masikio, meno. Nusu ya duara maji yakaisha, na nusu ya duara ndio mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu kurudi na kuendelea ni sawasawa. Chini ndani ya shimo kuna msitu wa kijani kabisa, umekaa kama bakuli la sukuma wiki, na wewe huko juu ulimi umekauka.

Mama mmoja wa makamo alikuwa na wanafunzi wake akanipa chungwa. Sijawahi kula chungwa kama lile. Nilikula na maganda yake kidogo.

Siku hizi lita tatu, hata nikichekwa. Na ada lipieni mapema mkiwa mjini, kwa sababu getini hawapokei noti na mtandao una siku zake.

#5

Naomba niseme la vikundi. Mimi ni dada, mnene kiasi, nilijiunga na kikundi cha matembezi cha mtandaoni, sikitaji. Tangazo liliandika "kwa wote, hata wanaoanza". Tulipofika, waliozoea wakatoka kama wanafukuzwa. Wakisimama kutusubiri, sisi wa nyuma tukifika tu wanainuka: "haya twendeni!" Wao wamepumzika mara nne, mimi sijapumzika hata mara moja. Saa tisa nilikuwa peke yangu kwenye njia panda sijui kushoto wala kulia, simu haishiki.

Nilikaa chini, nikalia kidogo, sitadanganya. Kisha nikaona ganda la ndizi bichi kwenye njia ya kushoto, nikalifuata.

Safari ya pili nilienda na dada zangu wawili. Sheria yetu: anayetembea taratibu kuliko wote ndiye anatangulia. Ukitaka kukimbia, kimbia ukirudi nyumbani.

#6

@5 pole sana dada. Hiyo sheria yako nimeichukua.

Mimi Mshambaa wa Lushoto, milima nimezaliwa ndani yake, na bado iliwahi kunilaza nje ya ratiba. Tulitoka Magamba tumechelewa, mgeni wangu alitaka kupiga picha kila kinyonga. Saa kumi ukungu ukashuka, ule wa kwetu, unaona mkono wako na mti mmoja. Kumi na mbili na nusu jua limezama, na huku kwetu giza halibishi hodi. Tochi ya simu ikabaki asilimia nane.

Tuliokolewa na kijana wa kama miaka kumi anarudisha mbuzi. Hakuwa na tochi. Alitangulia akiimba ili tumfuate kwa sauti, kila penye mzizi anasema "hapa inua". Nyumbani kwao bibi yake akatupa chai na akatugombeza kwa Kishambaa, mgeni hakuelewa neno ila akaitikia "asante bibi" kila baada ya tusi.

Siku hizi saa nane mchana nageuka. Kilele nakiona, nageuka. Wananiita mwoga, naitika.

#7

Nyongeza fupi ya Udzungwa. Ndani ya hifadhi hakuna barabara ya gari, ni miguu tu, kwa hiyo hakuna wa kukupa lifti ukichoka. Maporomoko ya Sanje yana zaidi ya mita 170, ukifika kwenye maji utataka kuingia. Ingia. Ila vua soksi kwanza! Niliingia nazo, nikashuka na soksi mbichi, malengelenge saba. Tulimwona na ngolaga, yule nyani wa Sanje, amekaa anakula matunda ananiangalia navyochechemea.

#8

Wakuu naombeni msaada, mwezi wa sita tunataka kwenda Lushoto kwa mkuu #6. Raba za kukimbilia zinatosha au ninunue buti?

#6

Raba zinatosha kama chini hazijaisha meno. Kuna matope asubuhi. Beba sweta, mwezi wa sita kwetu mnaota moto. Na ukifika niambie, bibi wa ile chai bado yupo.

#1

@8 ukizijaribu dukani, vaa soksi nene, simama kwenye ngazi uangalie chini, upige mguu mbele. Kidole kikigusa, omba namba inayofuata. Mimi nimeenda leo mchana na kandambili, muuzaji akautazama ukucha wangu, akaniletea 44 kabla sijafungua mdomo.